Neno Alilolikataa Mgeni

Kaka yangu Mgeni hakuwa na mali wala cheo. Alikuwa na shamba la muhogo hapa Wingwi na kichwa kigumu kama kisiki. Kichwa hicho nusura kitukoseshe watu wa kumzika mama yetu.

Wakati wa vita vya Hitla aliingia jeshini, akapelekwa Bara Hindi. Huko akawekwa kwenye kiwanja cha ndege, awachemshie chai Wamarekani waliokuwa wakirusha ndege za mabomu. Aliporudi, watu walitaraji visa vya majabari. Yeye akawaeleza vijana waliokuwa wakitapika nyuma ya kibanda cha chai, kisha wakijifuta midomo wakapanda ndege. Mmoja wao, Wili, aliyekaa na bunduki mkiani mwa ndege, alimwomba amsomee chochote. Mgeni akamsomea Ayatul Kursiy. Ndege ile haikurudi, na chai yao akaimwaga mwenyewe. Kila akifika hapo hulia mbele za watu, wala haoni haya.

Mwaka 1961 siasa ikapamba moto, na Wamarekani wakawa kwenye kila mdomo, maana chama kilitaka waondoke visiwani na kituo chao walichokijenga. Nasor, mkubwa wa tawi la chama kijijini, akaja nyumbani.

"Mgeni, kesho mkutano. Weye umeishi nao hao. Simama useme walikuwa wakicheka wakienda kuua watu."

"Kuua waliua, hilo ntalisema. Kucheka sikuwaona. Niliwaona wakitapika."

"Si useme tu? Neno lina gharama gani?"

"Kama halina gharama, kaliseme weye."

Akaenda mkutanoni, akasema lake. Toka siku ile tukagomewa. Ukisalimu huitikiwi, dukani huuziwi, ukialika watu kulima haji mtu. Waliokuwapo zama zile wanajua. Kugomewa dukani kunavumilika. Kugomewa mazikoni ndiko kunakokata maini.

Mama, Bi Mize, alifariki asubuhi ya mvua. Tukamkosha, tukamkafini, na hodi haikupigwa. Mgeni akachukua jembe, akaenda kuchimba kaburi peke yake. Nilipompelekea maji nikamkuta Nasor na wenziwe wamesimama ukingoni.

"Neno moja tu, ndugu yangu," Nasor alikuwa akisema. "Sema walicheka, na sasa hivi tunambeba mama."

Mgeni kazama shimoni hadi kifuani, tope mpaka usoni. Mie, nasema kweli, nilitamani akubali. Mama yangu alikuwa amelazwa ndani, hana wa kumbeba.

"Nipishe, Nasor," akajibu. "Waniziba mwanga."

Nikarudi nyumbani na hasira zangu. Nikamwita Time, mke wa Mgeni, na binti zake, tukaliinua jeneza wenyewe. Kwetu mwanamke hafuati maiti makaburini, na hilo nalijua kuliko yeyote anayetaka kunifundisha. Tukapita nalo mbele ya milango ya watu, taratibu, kila mtu atuone.

Wa kwanza kutoka alikuwa Mwalim, jirani yetu. Akaingiza bega lake mahali pa langu. Wakafuata wengine, nyuso chini, mpaka sisi wanawake tukabaki mikono mitupu njiani. Makaburi yalikuwa hatua chache mbele, nikamwona Mgeni anapanda kutoka kaburini, na Nasor ananyoosha mkono alishike jeneza.

Mgeni akamtazama.

"Shika," akamwambia. "Lakini hawakucheka."