Batri ya Mashine ya Mama

Juzi, mtaani Kasungami, nilimwona fundi akichomoa batri ya mashine ya kutoboa kabla ya kubadilisha meshi, kile chuma cha kutobolea, nikamkumbuka mama.

Nilipokuwa msichana mdogo, tulipokaa mtaa wa Ruashi, mama alikuwa akipachika mlango wetu mpya kwa mashine kama hiyo. Mbao zilinuka kuungua kwa kutobolewa. Akaweka mashine magotini, akashika meshi ili aibadilishe. Nilidhani mashine iliyonyamaza imelala, nikabonyeza kitufe. Ikalia, ikamkamata mkono wa nguo, kitambaa kikajisokota hadi kwenye kidole.

“Achilia, mutoto wangu,” alisema polepole.

Nikaachilia. Damu ilidondokea vumbi la mbao.

Baba aliporudi na kukiona kidole, aliuliza nani amefanya hivyo.

“Ni miye,” mama alijibu. “Nilisahau kutosha batri mu mashine.”

Miaka mingi niliamini alidanganya ili kunilinda. Kumbe alisema kweli: batri huchomolewa kwanza, kabla ya kugusa meshi.