Mgeni Hana Honi

Watu husema hasira hupoa ukiipa muda. Mimi yangu nimeipa miaka yote hii na bado ina moto, kwa hiyo nimeamua kuiandika kama ilivyo, bila kuipamba.

Nilijiunga na madereva wa msafara wa malori pale Isevya, mjini Tabora, mwaka ule watu wa Unyamwezi walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili, na nilikuwa nimeendesha gari la misheni miaka mitano bila kulikwaruza. Nilidhani hilo lingeniletea heshima kidogo. Wale madereva walikuwa wenyeji wa mji, watu waliozaliwa Isevya na Cheyo na baba zao wakazaliwa humo humo. Walinitazama kutoka viatu hadi kofia, mmoja akaniuliza kama kule misheni nilikuwa nasafirisha mishumaa. Nikacheka nao. Nilitaka sana kuwa mmoja wao, hilo sitalificha.

Walikuwa sita, mimi wa saba. Walikwenda pamoja kwa sababu njia ya kusini, ukishapita Sikonge na Ipole, ni mchanga, msitu na mbung'o, na gari likikulalia huko peke yako huna wa kumwita. Desturi zao walizitunza kuliko injini. Dereva wa mbele walimwita kirangozi, jina la wale waliokuwa wakitangulia misafara ya wapagazi na pembe za ndovu kwenda pwani. Hakuna kumpita kirangozi. Gari moja likilala, yote yanalala. Hiyo ya pili ndiyo iliyonivuta. Niliwahi kukaa siku mbili na gari bovu la misheni karibu na mto Ugalla, peke yangu, na niliposikia kuna watu wanaoishi kwa sheria kama hiyo niliona nimefika nyumbani.

Kabla ya kuondoka mahali popote kirangozi alipiga honi mara moja. Wa pili akaitikia, kisha wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho, ndipo wakatoka. Wakifika, walipiga tena. Safari yangu ya kwanza, zamu iliponifikia, niliweka mkono kwenye honi. Dereva wa sita akaruka chini akanijia mbio dirishani.

"Wewe usipige," akasema. "Mgeni hana honi. Mpaka umalize safari tatu."

Wenzake wakacheka. Nikajua ni utani tu wa kumkaribisha mgeni, kama vile kuniachia sufuria zote nioshe, na kama vile kuniweka mkiani nile vumbi la malori sita. Na vumbi lile si mchezo. Ilinibidi nibaki nyuma sana ndipo nione njia. Sikulalamika. Nililila kama mtu anayetoa mahari.

Safari ya pili tulikwenda kupakia watu. Karani wa wilaya alikuwa na orodha yake, nami nikapewa kaya tano, watu ishirini na mmoja, pamoja na vinu vyao, kuku wao, na milango waliyoing'oa kwenye nyumba walizoziacha. Kulikuwa na mzee mmoja mrina asali aliyekataa kuondoka bila mizinga yake minne ya magome. Alibishana na karani mpaka karani akachoka. Mkewe alikuwa na homa kali. Walimlaza juu ya magunia, nyuma ya kichwa cha gari, mwanamke mwingine akampakata kichwa. Nilimwambia karani kwamba yule mama apelekwe hospitali kwanza. Akanijibu kuwa zahanati itajengwa huko huko wanakokwenda. Kisha akanivuta pembeni akaniambia kuwa atakayeshuka njiani ni mtoro, na wa kuulizwa ni mimi, akaenda kupanda lori la kirangozi.

Saa saba mchana, tumeshaiacha Ipole nyuma, shafti ya nyuma ikakatika. Niliisikia ikilia, gari likazama kwenye mchanga likasimama. Mbele yetu vumbi la wenzangu lilikuwa linatua polepole juu ya miti. Nilipiga honi, honi ndefu, lakini walikuwa mbali. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Wakifika watapiga honi zao, wataona pengo, watageuza. Niliwaeleza abiria hivyo hivyo, tena kwa fahari, Mungu anisamehe.

"Msiwe na hofu," niliwaambia. "Sisi hatuachi gari."

Safari ya pili tu, na mimi nasema sisi.

Maji yalikuwa debe moja, na halikuwa limejaa. Watoto walikuwa tisa. Yule mama mgonjwa aliomba maji kila mara kwa sauti ndogo ya adabu, kama mgeni anayeona haya kuomba chakula zaidi. Ilipofika saa nane, debe likiwa tupu, mumewe akanijia.

"Mwanangu, pori hili nalijua. Nimetundika mizinga humu ujana wangu wote. Nyuma ya kile kilima kuna maji kwenye mwamba, hayakauki. Nikienda sasa narudi kabla ya jua kuzama."

"Mzee, gari linakuja."

"Linakuja saa ngapi?"

"Msafara wetu hauachi gari. Wewe kaa na mama."

"Basi nipe hilo debe. Nikirudi nikakuta wamefika, ni heri."

Nilimkatalia. Nililishika debe kwa mkono mmoja na yeye kwa mkono wa pili, mtu wa rika la baba yangu, nikamrudisha kwenye kivuli cha gari. Nilimfikiria karani na neno lake la mtoro, ndiyo, lakini nikisema ni hilo tu nitakuwa mwongo. Niliogopa aibu. Niliona wenzangu wanafika, wanakuta abiria wametawanyika porini kama mbuzi, halafu jioni pale Isevya wanasema yule wa misheni hawezi kuchunga hata gari lililosimama. Mzee hakubishana nami. Alikuwa ameshabishana asubuhi nzima na karani, labda nguvu zilikuwa zimemwishia.

Giza likaingia na hakuna aliyekuja. Simba walinguruma upande wa kile kilima, kwa hiyo hapakuwa tena na wa kwenda popote. Nilifungua rejeta tukagawana maji yake yenye kutu kwa kifuniko cha chupa ya chai.

Alfajiri mzee hakuniomba ruhusa. Alichukua debe na vibuyu viwili akaondoka. Mkewe alikata roho saa mbili. Saa nne mzee akatokea kati ya miti, debe begani, akakuta tumemfunika mkewe khanga. Aliyatua maji taratibu yasimwagike. Akawanywesha watoto mmoja mmoja, kisha wanawake, kisha akanipa na mimi kibuyu. Nilikunywa. Nilikuwa na kiu, na mwili hauna haya. Maji yaliyobaki wanawake walimwoshea marehemu.

Alasiri likaja lori moja, ndani yumo kirangozi na karani. Aliyewarudisha ni karani. Orodha yake ilikuwa na kaya tano zisizo na alama, akapiga kelele mpaka akapewa gari. Yaani karatasi ya serikali ilitukumbuka, ndugu zangu wa barabarani hawakutukumbuka. Kirangozi alichungulia chini ya gari, akasema ni shafti, akaagiza mnyororo ushushwe. Nikamuuliza kwa nini hawakurudi jana. Akashangaa. Angekasirika, au angeinamisha uso, labda leo ningekuwa nimesahau. Alishangaa kweli.

"Turudi kumfuata nani?" akasema. "Tulipofika nilipiga honi, wakaitikia watano. Watu wangu walikuwa wametimia."

"Na mimi?"

"Wewe bado. Si ulielezwa?" Akanishika bega kwa upole. "Maji yakimwagika hayazoleki, ndugu yangu. Shika mnyororo."

Alisema neno hilo la maji hatua tatu kutoka kwa yule maiti. Mzee alikuwa amekaa pale pale kwenye mchanga, akisikia yote.

Nimeishi na watu wanaopenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mgeni alikuja ili mwenyeji apate wa kumtimulia vumbi. Na walijivunia wapagazi wa zamani, hasa kahawa ikishapita mara mbili. Babu yangu mimi alikuwa mpagazi. Alitembea njia hiyo kwa miguu yake, na alituambia kuwa aliyeugua njiani aliwekwa chini ya mti, mzigo wake ukagawanywa, msafara ukaendelea. Hakulisema kwa kujivunia. Urithi waliokuwa wanautunza pale Isevya ndio huo, na mimi niliusikia tangu utotoni, na bado nikajipeleka mwenyewe.

Tulimzika yule mama pembeni mwa barabara, maana karani alikataa kungoja. Siku tatu baadaye tulikuwa Isevya tumekalia mkeka, pilau katikati. Kirangozi akasema kwamba mimi nimekaa na gari langu, sikupoteza abiria hata mmoja kwa kutoroka, kwa hiyo sihitaji safari ya tatu. Kuanzia kesho ninayo honi. Wakanipigia makofi. Nami nilipaswa kuinuka na kuondoka, na nyumbani nimewahi kumwambia mke wangu kwamba nilikaribia kufanya hivyo. Si kweli. Nilifurahi. Asubuhi yake zamu iliponifikia nilipiga honi na mkono wangu ukakawia juu yake kwa furaha. Hasira niliyonayo kwa wale sita ni kubwa, lakini kubwa zaidi iko hapo, kwenye mkono huo.

Kiangazi kilichofuata alikuja dereva mgeni kutoka Nzega, mtu wa makamo, mpole, mwenye kikohozi. Akawekwa mkiani. Walimwambia habari ya honi, akacheka kama nilivyocheka mimi. Ningeweza kumweleza. Nilijiambia nitamweleza safari ijayo.

Katika safari yake hiyo hiyo ya kwanza mzee mrina asali alipanda kwangu, mbele. Alikuwa amekuja Tabora kuuza asali na sasa anarudi kijijini. Nilikuwa nikimchukua kila aliponihitaji, na hakuwahi kunilaumu hata kwa neno moja. Tukisalimiana ilikuwa shikamoo, marahaba, basi. Kwenye kizuizi cha mbung'o tulisimama, mlinzi akayapitia magari moja moja na wavu wake wa kunasa mbung'o, kisha kirangozi akapiga honi. Wakaitikia wote kwa zamu, nami nikaitikia. Halafu kukawa kimya, injini tu zinanguruma.

"Wa nyuma yetu mbona hajapiga?" mzee akauliza.

"Ni mgeni, mzee. Bado hana honi."

Mzee akafungua mlango, akakitua kibuyu chake cha maji chini kwanza, akashuka mwenyewe kwa shida, maana magoti yalikuwa yanamsumbua.

"Mzee, ndiyo tunaondoka."

"Nyinyi nendeni," akasema. "Mimi nitapanda na huyu."

Nilimwona kwenye kioo akitembea kwenye mchanga na kibuyu chake mpaka kwenye lori la mwisho, yule mgeni akamfungulia mlango. Kirangozi alikuwa ameshaondoka na wengine wanamfuata. Nikatia gia, nikawafuata.