Ndagala ndani ya sombe

Laiti ningekataa kutia kwa siri unga wa ndagala, samaki wadogo wa ziwani, ndani ya sahani ya rafiki yangu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Jioni hii wajukuu wangu wanatazama mchezo wa televisheni. Mgeni kijijini amelishwa kitu ambacho kwao hakiliwi, na watu wanacheka. Harufu ya sombe inatoka jikoni, nami nimechoka.

Rafiki yangu huyo wa utotoni alikuwa mtoto wa wafugaji walioshuka milimani wakajenga karibu nasi. Kwao samaki haliwi, na aliyemla hanywi maziwa ya ng'ombe wao, maana waliamini ng'ombe watakufa.

"Weka tu," kaka yangu aliniambia jikoni siku moja rafiki huyo alipokuja kula kwetu. "Tuone kama ng'ombe ya baba yake itakufa!"

Niliweka. Rafiki yangu alikula, akalamba vidole.

"Sombe ya mama yako iko tamu leo."

Kaka akaangua kicheko. "We, umekula samaki!"

Aliacha kutafuna, akanitazama. "Na we ulijua?"

Nilicheka.

Angeweza kunyamaza, lakini alimwambia mama yake ukweli, akanyimwa maziwa. Yeye na wazazi wake waliporudi milimani, hakuniaga. Tangu hapo sijapata rafiki mwingine wa kula kwetu bila kuuliza kilichomo.