Vitumbua Vilivyonikwamisha Katikati ya Mnazi

Hili nalieleza mwenyewe, ingawa naona haya, kwa sababu hapa kijijini Utende tayari linaelezwa na kila mtu, na kila anayelieleza ananiongezea kilo.

Mimi ni mkwezi wa minazi. Tuseme nilikuwa. Nilipomaliza darasa la saba, mjomba wangu Mwinyi alinifundisha kukwea, na kwa kweli juu ya mnazi ndipo mahali pekee nisipoona haya, maana huko hakuna anayekutazama usoni wala kukutaka uzungumze. Lakini mwaka huu nilinenepa (sijui nilianza lini, mwili hautoi taarifa), na siku moja mjomba akaniona nashuka huku nahema, akasema, "Shomari, minazi ya Bi Tatu tutaiangua baada ya Idi Kubwa. Ukipungua, utapanda. Usipopungua, utakaa chini na akina mama ufue nazi, uzivue makumbi yake."

Nikaanza kukimbia. Kila alfajiri baada ya swala naishika barabara ya Kilindoni, narudi nimelowa jasho, na hapo ndipo swali likaja: nile au nisile? Njaa ya kukimbia si ya kawaida jamani, ni njaa yenye hasira. Nikamuuliza dada yangu Mwajuma, anayefua mashuka kwenye hoteli ya wageni, akasema, "Wageni wakitoka kukimbia wanakula mayai na ndizi, mwili unarudishiwa nguvu zake." Mama akasema aliyekimbia asipokula ataugua. Rafiki yangu Juma, mwembamba kama upondo wa kusukumia mtumbwi, akasema nisiguse kitu mpaka jioni. Kila mtu na lake, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa kawaida nakula kiasi gani. Nikachagua jibu lililokuwa na chakula ndani yake.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo: kitumbua kimoja kwa Bi Sikudhani, anayepika kando ya njia ninayorudia. Kimoja kikawa viwili kwa sababu nimekimbia mbali zaidi, siku ya mvua nikaongeza kwa sababu nimekimbia kwenye matope, na siku ambayo sikukimbia nikala kwa sababu kesho nitakimbia. Nikifika nyumbani nakuta muhogo wa nazi wa mama, nao nakula, maana huo ni wa kila siku, hauhusiani na mazoezi. Mjomba akiniuliza, namjibu, "Najinyima, mjomba." Naye akawa anajivuna kwa watu, "Mpwa wangu ana nia."

Siku ya kuangua ikafika. Alfajiri nikakimbia, nikala vitumbua vya kukimbia, halafu (nikikumbuka hapa nataka kujizaba kofi) nikala na vya kukwea, kabla hata sijakwea.

Shambani akina mama wamekaa tayari na majamvi yao, Bi Tatu mwenyewe kaletewa kiti, na mjomba akanionyesha mnazi wa kwanza, mrefu, umekatwa vidato vya kukanyagia. Nilianza vizuri. Katikati vidato vikawa vimeachana mno, inabidi uukumbatie mnazi, na mimi mikono inafika lakini tumbo linanisukuma nyuma, nikang'ang'ania nikafumba macho. Kupanda siwezi, kushuka siwezi.

"Shomari, umeona nyoka?" mjomba akaniita kutoka chini.

"Hapana, mjomba."

"Sasa mbona umesimama?"

"Napumzika."

"Unapumzika umefumba macho?"

Watoto waliotoka madrasa wakajaa. Ndipo Bi Sikudhani, akipita na beseni lake tupu, akainua kichwa na kupiga kelele, "Jamani, mshusheni taratibu! Huyo ndiye mteja wangu, akianguka nitamuuzia nani kila asubuhi?"

"Kila asubuhi?" mjomba akauliza.

"Sahani nzima! Na leo kanimalizia, si unaliona beseni?"

Akina mama walicheka mpaka kanga zikawavuka. Mjomba hakucheka. Alivua shati, akapanda na magoti yake mabovu, akanishusha mguu kwa mguu, akishika kila unyayo na kuuweka kwenye kidato kama anayemvalisha mtoto viatu. Tulipokanyaga chini akanigeukia.

"Unene ningekusamehe," akasema. "Lakini mimi nilikwenda kwa Bi Tatu nikamwambia unajinyima."

Akanionyesha kifuo, ule mti wenye ncha wa kufulia nazi, kisha akapanda tena peke yake, na kila nazi iliyoanguka siku ile niliona kama inaniangukia mimi.

Sasa nakimbia, narudi, nakunywa maji, nakaa nasubiri muhogo wa mama kama watu wengine, sahani moja. Kitumbua cha kujipongeza kwa jasho sikili tena maishani, hata nikikimbia mpaka Kilindoni kwenyewe. Na suruali zimeanza kulegea. Juzi nikajikaza nikamfuata mjomba shambani.

"Shikamoo, mjomba. Nadhani sasa naweza kupanda."

"Marahaba," akaitikia, akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akanisogezea rundo la nazi. "Fua."