Ramani Zetu Zilikuwa za Kiangazi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya ardhi pale Mbeya, sikukabidhiwa kalamu wala ramani. Nilikabidhiwa mnyororo. Ninyi mnaopima viwanja kwa satelaiti huenda hamjawahi kuuona: ulikuwa mnyororo wa chuma wa kupimia umbali, mzito, na ulipokunjwa vibaya aliyegombezwa ni mimi. Mkubwa wangu, ambaye sote tulimwita Bwana Ramani, alinitazama viatu kabla ya kunitazama usoni.

"Kijana, ardhi haipimwi kwa kukimbia," alisema. "Kiangazi tuko porini. Mvua ikianza tunarudi ofisini kuchora. Umeelewa?"

Nilielewa, na nilifuata utaratibu huo hadi nikastaafu.

Kutoka kushika mnyororo nilipelekwa chuoni, nikarudi fundi sanifu, kisha nikawa mpima kamili. Nilihamishiwa Rujewa, kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga. Mkuu wa pale, Bwana Mifereji, alikuwa mkali kuliko pilipili, lakini ndiye aliyenifundisha leveli, yaani chombo cha kupimia mwinuko. Tambarare ile ya Usangu ukiitazama kwa macho utaapa ni meza, kumbe ina mteremko mdogo unaoamua maji yaende kwa nani. Baadaye nikapelekwa Iringa, nyumbani, nikakaa huko miaka mingi zaidi nikichora kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Nilijivunia ramani zangu, na nasema hivyo bila aibu.

Nilipostaafu nilinunua miche ya parachichi nikidhani kazi imeisha. Ndipo nikaitwa Ilomba, kule Mbeya, kwenye vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mwanamke ambaye angeweza kuwa kitindamimba wangu. Kwenye mlango wake kulikuwa na neno Mkurugenzi, na tangu siku hiyo nimemwita hivyo hivyo, kwa sababu mkubwa ni mkubwa.

"Shikamoo, mzee. Tunatengeneza mchezo wa kompyuta, wa vile vita vya Wajerumani na Waingereza vilivyopita huku kwetu."

"Mchezo?" niliuliza. "Vita vile vilimaliza watu."

"Ndiyo maana nimekuita wewe. Michezo mingi niliyoicheza, askari wanapanda milima kama wako kwenye lami. Mimi nataka ardhi iwachoshe."

Hapo alinikamata. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ramani kwenye kioo iligawanywa vipande vya pembe sita, kama masega ya nyuki. Kila kipande kilipewa aina ya ardhi na mwinuko wake. Kila kikosi kilikuwa na pointi za mwendo za siku moja: njia nzuri inakula pointi moja, msitu unakula tatu, mwinuko unaongeza. Nyuma ya askari walikuja wapagazi, watu wetu waliobeba chakula na risasi kichwani, na wakichelewa wao, askari wanalala njaa. Jua likizama mashine inawahesabu waliofika kambini. Asiyekuwepo anaandikwa "mtoro", kwa kuwa ndivyo tulivyosikia ilivyofanyika enzi zile.

Neno hilo lilinichoma moyo. Babu yangu aliandikwa mtoro.

Kwetu ni kijiji kilicho mwendo wa asubuhi moja kutoka Tosamaganga, Iringa. Wakati wa vita vile, babu na wenzake watano walitwishwa mizigo alfajiri, msimu wa masika, wavuke bonde hadi kambi iliyokuwa kwenye kilima cha pili. Jioni wakahesabiwa, hawakuonekana. Mdogo wake babu alikuwa kule kambini tayari. Alikwenda siku za nyuma kujenga vibanda na alikuwa aruhusiwe kurudi nyumbani. Alfajiri iliyofuata akakamatwa badala ya kaka yake, akapelekwa kusini. Hakurudi. Babu naye na wenzake hawakuonekana tena. Tangu hapo ukoo ulipasuka. Wajukuu wa yule mdogo walituita watoto wa mtoro, na kwenye misiba tulikaa pembe tofauti za ua. Vitalisi, mkubwa wa upande wao, ambaye kwa damu ni mdogo wangu, aliwahi kuniambia mbele ya watu: "Babu yako alikimbia, babu yangu akaenda kufa. Usinizoee."

Nilimsimulia Mkurugenzi habari hiyo, naye akasema tujaribu bonde lile kwenye mashine. Tuliweka wapagazi sita kijijini, alfajiri, masika. Walifika kambini saa tisa mchana. Nilikaa pale nikatazama vile vidoti sita vilivyofika salama. Ramani niliyoichora kwa mkono wangu ilikuwa inasema babu alikimbia, na nilitamani nisingeikubali kazi ile.

Nililala na jambo hilo siku tatu ndipo nikaona kosa. Bonde lile lote ni vinyungu. Kinyungu, kwa wasio wa Iringa, ni bustani ya bondeni kwenye ardhi inayoshika maji. Watu huinua matuta kiangazi na kulima mahindi mabichi, maharage na mboga wakati milimani kumekauka. Ofisini kwetu kinyungu kilikuwa na alama ya shamba, na mimi nikakiingiza kwenye mchezo kama shamba, kitu cha kupita kwa pointi moja. Sikuwahi kukipima wakati wa masika. Wakati wa masika nilikuwa ofisini, miguu mikavu, nachora. Miaka yote ile tulichora nchi ya kiangazi tukaiita nchi.

Nilirudi Ilomba mbio nikashika mashine nibadilishe pointi, moja iwe tano. Mkurugenzi akaweka mkono juu ya kibodi.

"Mzee, samahani. Unarekebisha bonde au unamtetea babu?"

Nilikasirika, nikachukua kofia yangu nikaondoka bila kuaga. Lakini alikuwa na haki. Ile tano nilikuwa nimeitoa moyoni.

Tukasubiri masika. Mkurugenzi alitafuta wanaume pale kijijini wabebe mizigo ya kichwani, uzito ule tuliousoma kuwa ndio waliobebeshwa wapagazi, wavuke kwa njia wanayoijua wenyewe. Akanikataza kushika saa wala kukanyaga bondeni. Vitalisi aliposikia, alikuja bila kuitwa.

"Kamwene," alinisalimu, shingo upande. "Nimesikia unampimia babu yako njia. Basi na mimi nabeba. Sitaki kuja kusimuliwa."

"Una miaka sitini na ngapi, Vitalisi?"

"Hiyo ni kazi yako? Nipe gunia."

Waliondoka alfajiri, watu sita, Vitalisi akiwemo, na Mkurugenzi nyuma yao na kifaa chake cha kurekodi njia. Mimi nilizunguka kwa barabara, nikasubiri kilima cha pili, ambako sasa kuna shule ya msingi. Mvua ilianza kabla ya saa sita. Saa tisa, saa ambayo ramani yangu iliwafikisha, sikuona mtu. Jua lilizama sikuona mtu. Niliogopa, nilimwazia Mkurugenzi, mtoto wa watu, na nilimwazia Vitalisi kuliko nilivyotegemea.

Walitokea asubuhi ya pili, watoto wa shule wakiwa kwenye foleni ya uji. Watoto walicheka kuona watu wazima wamekuwa matope hadi masikioni. Vitalisi alikuwa na gunia kichwani na buti moja tu. La pili lilibaki kinyunguni. Alitua mzigo, hakunisalimu, akamgeukia Mkurugenzi.

"Mama, jana jua linazama tulikuwa wapi?"

Mkurugenzi akamwonyesha kwenye kioo. "Hapa, baba. Kwa yule mkulima aliyetupa pa kulala. Katikati ya bonde."

"Na leo alfajiri, saa zile walizomkamata babu yangu?"

"Mlikuwa bado hamjatoka kwenye maji."

Alikaa juu ya gunia. Alijikwangua matope mkononi.

"Kwa hiyo walimwandika mtoro mtu yuko njiani na mzigo wao," alisema.

Nilitaka kunyamaza, lakini kazi ilikuwa imenizoesha vibaya. "Vitalisi, hatujui kama baadaye alifika. Inawezekana alikimbia kesho yake."

"Najua hatujui, kaka. Na wao hawakujua."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kaka. Nililia pale pale, mbele ya wale watoto na vikombe vyao.

Kwenye mchezo sasa kinyungu kina pointi mbili tofauti, za kiangazi na za masika, na za masika zimetoka kwenye miguu ya watu sita. Mkurugenzi alifuta neno "mtoro" kwenye orodha ya jioni akaandika "hajafika". Ninyi vijana wa kupima, nawaomba jambo moja tu: mvua ikinyesha, tokeni ofisini.

Mimi nimestaafu mara ya pili, niko na parachichi zangu. Kwetu, kila Novemba ukoo hupeleka kanisani karatasi ya majina ya marehemu wake yasomwe kwenye misa. Karatasi yetu huandikwa na upande wa kina Vitalisi, na jina la babu yangu halikuwahi kuwemo. Mwaka huu nilikaa benchi la nyuma kama kawaida yangu. Padri alisoma majina ya wale ndugu wawili, na la babu yangu ndilo lililotangulia, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa.