Mashimo ya Mwalimu Asekenye

Miaka kumi na tisa Mwalimu Asekenye alifundisha watoto wa nasari hapa Malaba hesabu kwa mchezo wa bao la ajua: mtoto anachimba mashimo yake mchangani, anadondosha mbegu moja moja, mpaka vidole vinaijua tatu kabla ya mdomo. Wazazi wakalalamikia sare chafu. Mwenye shule akamwaga saruji uwanja mzima. Saruji, jamani, kwa watoto wa miaka minne! Kisha akabandika ukutani chati ya namba moja hadi mia, watoto waiimbe.

"Sasa wanafika mia, mwalimu," akamtambia.

Leo asubuhi Asekenye alimwita Everline, bingwa wa hiyo mia. "Niletee viti vitatu, mama."

Mtoto alivikodolea macho viti, mikono imelegea, kisha akaanza kuimba: moja, mbili, tatu, nne... Akafika mia bila kugusa hata kiti kimoja.

Mlangoni, mwenye shule akampigia makofi.