Ukuta Uliocheza Kilio

Mume wangu Glody ni mlinzi wa jengo la ofisi kule Marshalltown, hapa Joburg, na nikimsikia mtu anasema mlinzi hana akili, atanijua. Kompyuta hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwenye simu, mlangoni pa watu, huku akiwafungulia mabosi geti. Akanunua laptopu kuukuu, akaipeleka kanisani kwetu Newtown, akaiunganisha na projekta, na tangu hapo ukuta wa nyuma ya kwaya ukawa unacheza. Ngoma ikipiga, duara la rangi linatanuka. Sauti ikishuka, linanywea.

Mimi ni msusi, mambo hayo si yangu, lakini alinieleza mpaka nikaelewa. Muziki wa kompyuta unakwenda kwenye spika moja kwa moja, na programu ya picha ni kiziwi, haisikii kitu. Basi akaweka programu ndogo katikati, mwenyewe anaiita bomba. Inachukua sauti kwenye programu moja na kuigawa, huku kwa spika, huku kwa picha. "Jocelyne," aliniambia, "picha inakunywa pale pale spika inapokunywa." Nilimcheka. Ningejua, nisingecheka.

Mwezi wa sita teksi ilipinduka ikamuua Thierry, mdogo wake. Mwili tulishindwa kuurudisha nyumbani kwao Bukavu. Mama mkwe, aliyeko huko, alipopigiwa simu alitoa sharti moja tu: kabla jeneza halijafungwa, amwombolezee mwanawe kwa sauti yake mwenyewe, watu wote wasikie. Mama huyu ni mwombolezaji. Anamchukua marehemu tangu tumboni, mwaka kwa mwaka, mpaka afike kwenye neno la mwisho: nenda, nimekuachilia. Asiyeachiliwa, anasema, hafiki aendako. Na jeneza likishafungwa, masikio nayo yamefungwa. Mimi ni mtu wa kanisa, siamini hayo. Lakini yeye anaamini, na Glody alimwahidi.

Bon, basi. Siku ya mazishi Glody akaifungua simu ya WhatsApp kwenye laptopu, akaiingiza kwenye bomba ili sauti ya mama ifike kwenye spika za kanisa. Picha ya Thierry ilikuwa ukutani, kubwa, anatabasamu na shati alilovaa kwenye harusi yetu. Makaburini tulipewa saa nane kamili, gari la maiti lilikuwa linangoja nje.

Mama akaanza. Yesu wangu, sauti ile! "Thierry, nilikubeba mvua ikinyesha..." Na ukuta nao ukaanza. Kumbe Glody alikuwa ameiweka picha kwenye programu ile ile ya Jumapili, na kwa uchungu alisahau kuiziba masikio. Mama akipaza sauti, uso wa marehemu unavimba, rangi nyekundu zinamtoka machoni. Akivuta pumzi, unanywea. Glody hakuona. Alikuwa ameinamia laptopu, mgongo kwa ukuta, machozi yanadondokea vibonye.

Walioona ni watu. Mmoja akatoa simu arekodi, wa pili, wa tatu. Nyuma yangu Gaëlle wa kwaya akanong'ona, "Eish, inapendeza kweli." Inapendeza! Damu ilinipanda kichwani. Nikasimama nikapiga kelele mbele ya jeneza: "Glody! Zima! Mama yako si disko!"

Ningeweza kwenda taratibu nikamgusa bega. Hatua saba tu. Tangu utotoni mdomo wangu hutangulia miguu. Wahenga walisema hasira hasara. Hawakusema hasara yenyewe itamwangukia nani.

Aligeuka, akauona ukuta, akashtuka, akaifunga laptopu pah! kwa mikono miwili. Uso ukapotea. Sauti ya mama nayo ikapotea. Alikuwa amefika kwenye mwaka Thierry alioanza shule.

Tulipiga tena. Mtandao wa Bukavu ukagoma. Tulipiga mara kumi na moja, dereva wa gari la maiti akichungulia mlangoni, mpaka Mchungaji François akasema basi, jeneza likafungwa.

Video ilizunguka Joburg nzima. Wiki ya pili bwana harusi mmoja akampigia Glody, anautaka ule ukuta unaolia. Nilimpokonya Glody simu, nikamtukana yule mtu mpaka akakata mwenyewe. Laptopu iko chini ya kitanda, haijafunguliwa tena.

Mama hupiga kila Jumapili mchana. Hasalimii, anaanza tu kwa Kiswahili cha Bukavu: "Glody, mwana wangu ulimuachia mu njia. Iko darasa ya kwanza mpaka leo. Juu ya nini ulinikata?"

"Nisamehe, mama," Glody anajibu. "Mkono uliteleza."

Kila Jumapili, mkono uliteleza. Hajamwambia nani alipiga kelele. Nami nipo pale pale pembeni, nasuka kichwa cha mtu, nasikia kila neno, na mdomo wangu huu haujafunguka.